Maji Hayasafiri kwa Basi

Mabawa, Tanga
14 Agosti 1955

Kwa Mjomba wangu, Mzee Manase,

Shikamoo. Nina heshima kukuarifu kwamba mimi na mke wangu Anjela tu wazima, na mtoto mzima, ila analia. Mkaza mjomba nampa shikamoo yake peke yake, nisije nikaambiwa nimemfungasha pamoja na wewe. Jirani yetu Mzee Mwinyijuma anakusalimu ingawa hamjaonana. Anaumwa nyonga lakini yuko kibarazani kama kawaida yake.

Kazini nimepanda. Tangu mwezi wa sita mimi ni Karani Msaidizi wa Pili wa ghala la katani. Juu yangu yuko Karani Msaidizi wa Kwanza, juu yake karani mwenyewe, juu ya karani Bwana Wiliamu, na juu ya Bwana Wiliamu sijaona mtu.

Sasa nije kwenye jambo. Mtoto alizaliwa tarehe mbili Julai, wa kiume, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Daktari amemtazama, hakuona ugonjwa. Anjela anasema mtoto haumwi, anadai maji ya mjomba. Wewe unayajua: mjomba wa baba anatia maji kinywani, anampulizia mtoto kifuani, anatamka mbele ya watu kwamba moyoni mwake hamna kinyongo na nyumba ile. Mimi mtu wa ofisi mambo haya nayaona ya zamani, lakini Anjela ameapa mtoto habatizwi mpaka yafanyike. Nami nimekwisha mwambia Bwana Wiliamu kwamba ubatizo ni Krismasi na mtoto ataitwa Wiliamu. Kwa hiyo unaona nilivyobanwa.

Likizo sina. Naomba ushauri wako. Nakuletea kwa kondakta wa basi la Maramba koti la sufu, zito, la Ulaya. Ni zawadi ya Krismasi, imewahi kidogo. Mkono mtupu haulambwi.

Mimi mpwa wako,
Ernesti
(Karani Msaidizi wa Pili)


Maramba
4 Septemba 1955

Mpwa wangu Ernesti,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako hajambo, ameipokea shikamoo yake, akauliza mbona imekuja peke yake bila sukari. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Mahindi yanakaribia kukomaa na ngedere wameshajua. Sikio langu la kushoto, lile la kengele, sasa limekufa kabisa. Miaka ishirini na miwili naivuta kengele ya kanisa nikiwa nimeipa upande huo. La kulia linasikia mpaka mchwa wakila mlango, kwa hiyo silalamiki.

Koti limefika. Ni koti kweli. Mara ya mwisho kusikia baridi ya kuvalia kitu kama kile ilikuwa mwaka wa nzige, nami nilikuwa na homa. Nililivaa hatua ishirini, kutoka mlangoni hadi chooni, nikarudi nimelowa. Basi nimelisimamisha shambani juu ya mti, nikalifunga na mikono. Ngedere siku ya kwanza walilikimbia. Siku ya pili walikaa mbali wakalitazama kwa adabu. Sasa wanapita karibu yake asubuhi kama watu wanaoingia kazini mwa mzungu. Nadhani wamelipa cheo, labda Msaidizi wa Tatu.

Kuhusu maji. Maji yako mtoni, kinywa ni hiki kilichokulea, na mtoto unaye wewe. Kati ya hivyo vitatu ni kimoja tu kinachoweza kupanda basi. Mlete.

Umesema mkono mtupu haulambwi. Ni kweli, lakini mimi si mbwa, sikuomba kulamba mkono.

Mjomba wako,
Manase


Mabawa, Tanga
25 Septemba 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi za shamba. Hapa hatujambo. Anjela amekonda kwa kukesha. Mwinyijuma anasema mtoto ana sauti ya kuadhinia, angekuwa wa kwao wangemweka msikitini.

Nimefurahi koti limekufaa.

Kuja huko, Mjomba, ni vigumu. Bwana Wiliamu hawezi kuniacha niende. Juzi nilikwenda kunywa maji, niliporudi nikakuta ameniulizia. Halafu vuli inakaribia, basi hukwama kabla halijafika hata Pongwe, na mtoto mchanga atakula vumbi na tope kwa pamoja. Nadhani mjomba mwenye mapenzi anaweza kutamka maneno hayo akiwa hapo alipo, na Mungu aliye kila mahali akayasikia.

Nauliza tu, kwa nia njema: moyoni mwako kuna neno? Kama lipo, mimi silijui. Nimefikiri sana, sikuliona.

Nakuletea saa ya mezani, ina kengele ndani. Mvuta kengele asiye na saa ni kama karani asiye na kalamu. Nayo ni zawadi ya Krismasi.

Mpwa wako,
Ernesti


Maramba
16 Oktoba 1955

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa wiki mbili kwa kondakta. Anasema aliifanya alama katika kitabu chake cha nyimbo akaisahau. Pacha wa mbuzi mmoja amekufa, mmoja anaruka. Mwalimu Safari, anayetuongoza ibada Padre asipokuwapo, amepata mwana wa tano na majina ya Wainjilisti wanne yamemwishia.

Saa imefika, inatembea. Asubuhi ya kwanza niliitazama, ikaniambia ni saa sita. Jogoo akaniambia ni kumi na mbili. Nimekaa na jogoo miaka mingi, hajanidanganya, basi nimeamini jogoo. Hata hivyo niliichukua kanisani Jumapili, nikaiweka chini ya benchi. Mwalimu Safari alipofika mahali pa kusema tukeshe kwa kuwa hatujui siku wala saa, ikalia. Haikunyamaza mpaka nilipoikalia. Watu wameungama dhambi wiki ile ambazo nisingezidhani, kwa hiyo usiseme zawadi yako haikuzaa matunda. Sasa iko ndani ya mtungi.

Huyo jogoo, kwa kuwa tumemtaja, anawika mara tatu kabla ya kupambazuka. Kila akimaliza mara ya tatu nakukumbuka wewe. Sijui kwa nini. Labda wewe uliyekwenda shule unajua.

Umeuliza kama moyoni mwangu kuna neno. Moyo wangu uko vile ulivyouacha.

Manase


Mabawa, Tanga
30 Oktoba 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tunaendelea. Mtoto ameongeza sauti. Anjela haniulizi tena habari za ubatizo, ananitazama tu, na afadhali angeniuliza.

Habari ya jogoo sikuielewa, nadhani ni utani wa shamba.

Mjomba, nimepata njia. Kama maji hayana budi, na mimi siwezi kuja, basi maji yaje. Kondakta ana mzigo wako: ndani yake kuna chupa tupu na kizibo chake. Tafadhali fuata utaratibu huu. Utie maji kinywani. Utamke maneno yote, kwa ukamilifu, kama vile mtoto yuko mbele yako. Uyateme chupani, si nusu, yote. Uzibe. Kondakta nimemwagiza asiitingishe chupa, maneno yasije yakachafuka njiani. Mimi nitampaka mtoto kifuani mbele ya mashahidi, Anjela ataridhika, na kazi haitasimama. Hivi ndivyo mambo yanavyoendeshwa siku hizi, Mjomba. Hata sahihi ya Bwana Wiliamu inakwenda Ulaya bila yeye mwenyewe.

Katika mzigo huo huo nimekutilia viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba. Nimeona heri uwe navyo, maana mtu hajui ataalikwa wapi, na mtu huonwa kwanza miguuni.

Mpwa wako,
Ernesti


Maramba
13 Novemba 1955
(barua hii anakuja nayo Mwalimu Safari, atakapopata safari)

Ernesti,

Marahaba. Hatujambo. Mvua imenyesha vizuri.

Viatu nimemrudishia kondakta yule yule. Havikunienea. Miguu yangu ni ile ile iliyokuja harusini kwako Pasaka ya mwaka jana, haijabadilika kipimo. Miguu hii ilikubeba siku mbili kukupeleka hospitali ya misheni, ulipokuwa na surua na mama yako, dada yangu, yuko kaburini hata majani hayajaota. Hukulalamika siku ile kwamba haina viatu. Ulilala.

Chupa yako nayo nakurudishia. Ilikuwa inanuka mafuta ya nywele. Nimeisuuza kwa maji ya mtoni mara mbili, na ya mara ya tatu nimeyaacha humo ili yaendelee kuitoa harufu njiani. Uyamwage. Ni maji ya kuoshea chupa, hayajagusa mdomo wangu, na hayana neno lolote ndani yake isipokuwa harufu ya kichwa chako.

Baraka si uji, mpwa wangu, hata itiwe chomboni ipelekwe kwa mgonjwa. Nilisema mlete mtoto. Sasa naongeza: uje na wewe.

Manase


Mabawa, Tanga
20 Novemba 1955

Mjomba wangu mpenzi, mzazi wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Chupa imefika. Barua haikuwa pamoja nayo, kondakta anasema hakupewa, lakini barua ya nini. Matendo yako yamesema.

Nataka ujue kila kitu kilivyokwenda. Alhamisi jioni baada ya kazi nilikusanya majirani. Nilisimama, nikaeleza hayo ni maji ya nani na yana maneno gani. Nikampaka mtoto kifuani. Mjomba, alinyamaza. Siku mbili alilala kama mtu aliyelipwa mshahara. Anjela alilia kwa furaha, ingawa alinusa kizibo akasema yananuka kama kichwa changu, nikamwambia ni damu moja.

Kuna jambo la pili. Mzee Mwinyijuma alipoona, akauliza ni kombe la shekhe gani. Nikamwambia si kombe, ni maji ya mjomba. Akasema maji yenye maneno ni maji yenye maneno, akaomba. Nikammiminia kikombe, akasema bismillahi akanywa yote. Leo asubuhi ameshuka kibarazani bila bakora. Watu wawili wa mtaa wa pili wamekuja kuuliza kama unapokea wagonjwa.

Kwa hiyo sasa hakuna haja ya safari. Ubatizo utakuwa hapa Tanga, siku ya Krismasi, mtoto ataitwa Wiliamu, na Bwana Wiliamu amesema huenda akapita. Nitakuletea picha.

Kondakta wa basi siku hizi amevaa viatu vizuri sana, vyeusi vya kamba, karibu sawa na vile nilivyokununulia. Nimefurahi kuona nilichagua mtindo unaopendwa.

Mpwa wako mwenye shukrani,
Ernesti


Mabawa, Tanga
4 Desemba 1955

Mjomba,

Shikamoo. Mwalimu Safari alifika jana na barua yako ya tarehe 13 Novemba. Aliisoma Anjela kwanza, kwa sauti, Mwinyijuma akiwa kibarazani.

Mtoto ameanza tena kulia usiku ule ule. Mwinyijuma peke yake ndiye hajali. Anasema nyonga yake haijui kusoma.

Mimi nimekutumia koti, saa na viatu, vyote vya dukani, hakuna hata kimoja cha mtumba. Wapo wapwa hawatumi hata chumvi. Kama haya yote si kitu, niambie wewe mwenyewe unataka nini, niandike.

Ernesti

*(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)*

Mjomba, shikamoo. Ni mimi Anjela. Amenipa bahasha nibandike stempu, nami nimeifungua kwa mvuke wa birika. Mungu atanisamehe, ni majilio.

Mimi najua unataka nini. Nilikuwa nimekaa karibu naye siku ya harusi. Uliingia na kuku wawili mkononi, umetembea kutoka kituo cha basi, miguu mitupu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Bwana Wiliamu akauliza, mzee huyu ni nani? Na mume wangu akasema, nilimsikia kwa masikio haya, "Ni mzee mmoja wa kijijini kwetu, ameleta kuku." Wewe ukacheka, ukasema, "Ndiyo bwana, nimeleta kuku." Ukawaweka chini, ukaenda kukaa uani na wapishi. Hukula.

Nilikuwa bi harusi, na bi harusi hatazami juu wala hasemi. Tangu siku ile lile neno limenikaa kooni. Sasa mimi si bi harusi tena, nina mtoto mgongoni. Nimemwambia mwanao: bila wewe na mimi na mtoto kufika Maramba Krismasi hii, Wiliamu wako atabatizwa akiwa na ndevu.

Nisamehe kwa kunyamaza.
Anjela


Maramba
11 Desemba 1955

Mpwa wangu Ernesti,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anakusalimu, safari hii bila masharti. Mahindi tumevuna, koti limebaki peke yake shambani na ngedere wanalitembelea. Kamba ya kengele nimeitia mafuta kwa ajili ya sikukuu. Mwambie Anjela stempu aliibandika vizuri.

Umeniuliza nataka nini. Nimefikiri tangu nilipopata barua yako mpaka leo, maana kwa umri wangu mtu akiulizwa swali hilo huona haya. Nimeangalia nyumbani. Sina haja ya kitu kinachouzwa.

Mwenyezi Mungu, mpwa wangu, alikuwa na uwezo wa kutuma kifurushi. Malaika anao, wengi kuliko makondakta, na hawasahau barua. Angeweza kutuma koti. Hakutuma, alikuja. Akalala mahali pa ng'ombe, hana viatu, na wachungaji walipofika hakuna aliyewauliza ni wazee wa kijiji gani. Mimi kila mwaka nikiivuta kengele ile alfajiri ndilo ninalolifikiri, na kila mwaka kamba inaniponyoka kidogo.

Basi njoo. Ukija ujue utaratibu wetu haujabadilika. Siku ya Krismasi, kabla ya baraka, Mwalimu Safari huwaita wageni. Kila mgeni anasimama alipo, anasema jina lake, na anasema amefikia kwa nani, na huyo ni nani wake. Ni jambo dogo. Watoto hulifanya.

Manase


Mabawa, Tanga
18 Desemba 1955

Mjomba,

Shikamoo. Tutapanda basi la Jumamosi tarehe 24. Bwana Wiliamu nilimwomba siku tatu nikidhani ghala litafungwa kwa huzuni. Akasema, "Nenda, nani amekuzuia?" Mwaka mzima sikujua kwamba nilikuwa huru kiasi hicho.

Hakuna mzigo. Nilinunua taa ya karabai, Anjela akampa Mwinyijuma. Anasema nije mikono mitupu nione inavyokuwa. Nimejaribu kutembea hivyo hapa mtaani, sijui mikono niiweke wapi.

Nauliza jambo moja tu. Huo utaratibu wa wageni kusimama, je, na mtu aliyezaliwa hapo naye ni mgeni? Nisije nikavunja desturi kwa kusimama bila kustahili.

Ernesti


Maramba
1 Januari 1956

Mpwa wangu Ernesti,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa Anjela na kwa mwanao. Tangu mwondoke nyumba imekuwa kubwa. Mkaza mjomba wako anakaa anasikiliza, anasema amezoea kile kilio. Nimemwambia ngedere wapo.

Mambo ya Krismasi yalikwenda vizuri. Padre hakuona vibaya maji, alitaka tu tuanze na Baba Yetu, tukaanza nayo. Nimempulizia mtoto kwa sababu mtoto hana kosa. Akapiga chafya, akanishika pua, akalala. Kama atalia tena huko Tanga, mtazameni meno, baraka haizuii meno kuota.

Ila kuna jambo linanisumbua. Watu wananijia tangu siku ile, wananishika mkono, wengine wanafuta macho. Mke wa Mwalimu Safari ameniletea mayai sita. Wanasema mpwa wangu alisimama kanisani wakati wa wageni na alisema maneno. Wanasema alisimama muda mrefu. Wanasema hata jina la mtoto pale penye birika la ubatizo halikuwa lile tulilotarajia.

Mimi sikusikia. Ulisimama upande wa sikio langu la kengele. Niliona mdomo wako unacheza, basi. Nimeona haya kuwauliza watu, maana watashangaa kwamba maneno yale yamenipita mwenyewe. Nawe hukupata tone la maji yako, maana sikujua kama unayadai.

Uniandikie ulisema nini. Andika kwa herufi kubwa kidogo.

Manase


Mabawa, Tanga
8 Januari 1956

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma, nikaiweka. Kusema mara moja kulinitoa jasho. Kuandika ni kusema kila mara karatasi ikifunguliwa. Lakini umeomba, na ni kitu cha kwanza ulichoniomba tangu nizaliwe.

Nilisema hivi. Nilisema: Jina langu ni Ernesti. Mimi si mgeni hapa, lakini nimesimama na wageni kwa sababu nimejifanya mgeni. Nimefikia kwa Mzee Manase. Ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alinibeba mgongoni siku mbili nikiwa na surua. Siku ya harusi yangu alikuja na kuku wawili, mtu akaniuliza huyu ni nani, nami nikasema ni mzee mmoja wa kijijini. Nilimwonea haya kwa miguu yake. Miguu hiyo ndiyo iliyonipa mimi uhai wa kusimama hapa na viatu. Naomba anisamehe mbele yenu, kwa kuwa nilimkana mbele za watu.

Hapo nikakaa. Nilitaka kusema zaidi.

Na jina la mtoto ni Manase. Padre aliniuliza, nikafungua kinywa niseme Wiliamu, likatoka hilo lingine. Anjela anasema ni yeye aliyenifinya. Sikusikia mfinyo.

Jumatatu nilipofika ghalani nilikwenda mpaka mezani kwa Bwana Wiliamu nikiwa nimeshika kofia. Nikamwambia, yule mzee wa kuku kwenye harusi yangu ni mjomba wangu. Hakunyanyua macho kwenye karatasi zake. Akasema, "Najua. Nilijua siku ile. Masikio yenu ni mamoja." Mjomba, karibu miaka miwili nimebeba uwongo ambao haukumdanganya mtu yeyote. Nilirudi kwenye meza yangu ya Msaidizi wa Pili nikacheka peke yangu mpaka Msaidizi wa Kwanza akanipa maji.

Mtoto halii. Mwinyijuma anadai sifa ni za chupa.

Nayadai maji yangu, Mjomba. Kwa herufi kubwa: NAYADAI.

Mpwa wako,
Ernesti


Maramba
22 Januari 1956

Mpwa wangu, mwanangu,

Marahaba. Kondakta ameileta barua yako siku ile ile, bila kuipitisha kitabuni. Amekuja amevaa viatu, akaniuliza kama navidai, nikamwambia atembee navyo salama. Mbuzi hajambo. Koti limeota nyuki mfukoni, kwa hiyo Pasaka kutakuwa na asali, nawe utasema zawadi yako imelipa.

Barua nimeisoma mara tatu, kisha mkaza mjomba wako akanisomea mara ya nne. Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha sala, pale penye Krismasi, ili kila mwaka ikifika niikute.

Njooni Pasaka wote watatu. Maji yako yapo, yananingoja mtoni. Safari hii sitakupulizia kifuani tu, nitakulowesha mpaka shati.

Na usinikasirikie. Mzee akionja kitamu huomba aongezwe. Sikio la kengele ni la kushoto, kila mtu hapa anajua, nawe umelijua tangu utoto. Siku ile, Ernesti, ulisimama kulia kwangu.

Mjomba wako,
Manase